Msemaji wa Familia

Mama yangu, Kokulinda, alikuwa na mdomo wake, ulimi wake na akili zake zote. Naanza na hilo kwa sababu pale hospitalini hakuna aliyelitilia maanani. Alifundisha jiografia hapa Mwanza mpaka akastaafu, akaongoza kwaya ya parokia yetu ya Nyakato kwa jicho kali, na hata moyo wake ulipoanza kuchoka, miguu ikavimba na pumzi zikawa za kutafuta, hakuwahi kukosa neno alilotaka kusema.

Mwaka jana walimwekea mrija kooni wakamuunganisha na mashine ya kupumulia. Alipona, kama huko ndiko kupona. Mikono walimfunga kwa bendeji kwenye kingo za kitanda asije akaung'oa ule mrija, na sauti ilimrudia nusu. Kwaya akawaachia wengine. Siku tuliyorudi nyumbani aliniambia mimi, mwanawe wa pekee: Renatha, sitaki tena.

Tukaenda kwa Daktari Machibya, aliyekuwa anamtibu moyo. Hakumficha kitu. Alimweleza kuwa siku hali ikizidi, bila mrija atakufa. Mama akamjibu kuwa yeye ni mwalimu wa jiografia, anajua mto unaishia wapi. Basi daktari akaandika maagizo mwanzoni kabisa mwa faili, kama anavyoandika dawa: asiwekwe mrija, asikandamizwe kifua moyo ukisimama, apewe oksijeni ya puani na dawa ya maumivu, padri aitwe. Mama akasaini, nami nikasaini kama shahidi. Nikadhani tumemaliza. Nilikuwa mjinga.

Sikumhesabu baba mdogo Deodatus. Yeye ni mdogo wake marehemu baba, na tangu baba afariki ndiye msemaji wetu. Kwenye posa, kwenye harusi, kwenye msiba, anayeshika kipaza sauti ni yeye. Anaishi Muleba, na zamani tulikuwa tunapata ahueni kidogo maana kivuko cha Busisi kilimchelewesha. Siku hizi kuna daraja. Akiamua kuja, amefika.

Mama alipolazwa tena, alifika. Aliposikia habari ya yale maagizo alifura. Alisema tunamchuria mgonjwa, mtu aliye hai haandikiwi kifo. Nikamweleza kwamba mama ndiye aliyetaka. Akanijibu kuwa mgonjwa hasemi, unaosema ni ugonjwa. Alitamka hayo mama akiwa macho, ameegemea mto, anamtazama.

Jumapili moja mama akabanwa na pumzi ghafla. Daktari wa zamu, kijana mmoja anayeitwa Elias, akatoka mlangoni. Hakusema amesoma nini kwenye faili. Aliuliza kile wanachouliza siku zote.

"Msemaji wa familia ni nani?"

Baba mdogo akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema wafanye kila kinachowezekana. Nikamfungulia Elias faili. Akasoma, akalifunga, akanieleza kwa upole kuwa ndugu wakitofautiana wao humfuata msemaji, maana ndiye atakayekuja kulalamika kesho. Upole wake uliniudhi kuliko kama angenitukana. Nilibaki nje ya mlango nikisikia wanamfanyia mama kile kile alichokikataa kwa saini yake.

Alikaa na mrija siku kadhaa, mikono imefungwa tena. Ulipotolewa, baba mdogo alitembea kifua mbele wodi nzima akiwaambia watu kwamba Renatha alikuwa anataka kuwaulia mtu.

Mama alisubiri pumzi zikae sawa, kisha akaniagiza nipige simu Muleba, waje wazee wa ukoo. Anataka kutoa wosia.

Hapo kila mtu akashtuka. Kwetu wosia si mchezo. Mtu akiutamka mbele ya mashahidi wa ukoo, hauguswi. Baba mdogo huyo huyo aliwahi kuamuru kaburi lililokwisha kuchimbwa lifukiwe, lichimbwe jingine upande wa pili wa kibanja, shamba la migomba la ukoo, kwa sababu marehemu alikuwa ametaja upande huo. Wazee wakavuka daraja, wakakizunguka kitanda, kofia mikononi. Mama akasema kiwanja cha Nyakato ananiachia mimi. Akasema azikwe pembeni ya mumewe. Kisha akageuka.

"Shemeji Deodatus, nisikilize. Atakayeruhusu niwekwe ule mrija tena, asitie udongo kwenye kaburi langu. Akae mbali, na watu wamwone amekaa mbali."

Wazee wakaitikia kwamba wamesikia. Baba mdogo alitaka kusema neno, mzee mmoja akamzuia kwa kiganja.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikasirika zaidi, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Mtu ni yule yule, kitanda ni kile kile, na jambo ni lile lile. Alipolisema kama mgonjwa anayeeleza anavyotaka kutibiwa, lilikuwa kelele. Alipolisema kama marehemu, likawa sheria. Ilibidi mama yangu ajitangulize kaburini ndipo asikilizwe na watu waliokuwa wamesimama karibu naye.

Haukupita muda mrefu pumzi zikaanza kukatika. Padri akaja, akampaka mafuta. Elias alikuwa zamu tena, akatoka na swali lake lile lile. Baba mdogo akasimama, akatazama sakafu, akasema mrija usiwekwe.

Elias akampa mkono. Akamwambia mzee ametumia busara, ni familia chache zinazoweza kufikia uamuzi mgumu kama huo. Na baba mdogo akapokea pongezi hizo. Alizipokea, jamani, kwa mikono miwili. Kisha Elias akainamia faili pale mezani, nikamwona anaandika: familia imeamua, kupitia kwa msemaji wake, Deodatus.

Nikaweka kiganja juu ya karatasi.

"Futa hapo," nikamwambia. "Familia haijaamua kitu. Andika kwamba mgonjwa amekataa, na jina lake ni Kokulinda."

Baba mdogo akaninong'oneza kwamba huu si wakati wake. Nikamjibu kuwa wakati wake ndio huu, mama bado yupo. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa anatutazama, oksijeni puani, mikono imelala juu ya shuka.

Nikaondoa kiganja. Elias akafuta, akaandika upya. Nilisimama pale pale mpaka nikaliona jina la mama limekamilika, ndipo nikaingia ndani kukaa naye.