Soksi za Fermín

Siku aliyofariki Fermín ilikuwa zamu yake ya maji, na maji hayakungoja msiba. Alifungua lango la mfereji alfajiri, sepetu begani, kama kila zamu. Jua lilipopanda, jirani wa bondeni akaja akifoka kwamba shamba lake limefurika, mwenye zamu yuko wapi? Akamkuta Fermín amelala kati ya mistari miwili ya mizabibu, maji yakimpita pembeni. Kofia yake maji yalikuwa yameshaichukua.

Otilia, mkewe, aliipata habari akiwa jikoni. Hakupiga kelele. Alizima moto, akaingiza miguu katika viatu vya matope vya mumewe, maana ndivyo vilivyokuwa mlangoni, akaenda akafunga lango kwanza. Watu wa Luján, mji wao wa mizabibu, walisema ana moyo mgumu. Watu wana midomo, acha waitumie.

Waliolia kwa sauti makaburini ni marafiki watatu wa marehemu, wale wa Jumapili. Kwa miaka mingi walikutana barazani kwa Fermín kuonja divai nyekundu za bei mbaya, chupa zimefichwa, kila mmoja akijitia kujua ipi ni ipi. Fermín ndiye aliyezivisha chupa soksi zake za sufu zisitambulike, akawamiminia, akawachomea na mbavu. Yeye alikunywa divai ya shamba lake, kaitia barafu na maji ya gesi, nao wakamcheka: "Fermín, hiyo umeiua kabla ya kuinywa!" Alicheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka na watu hata anapochekwa yeye.

Basi siku ya maziko Evaristo, mwuza matrekta, alisimama mbele ya kaburi akajipiga kifua. "Divai ya ndugu yangu huyu," alisema, "ningeijua hata nimefungwa kitambaa machoni. Mkono wake umo ndani." Leandro, daktari wa meno, akadakia kwamba hata yeye. Mirta, anayefundisha watalii kuonja, akalia mpaka wanja ukamfika kidevuni, akaapa vivyo hivyo.

Otilia aliyaweka maneno yale moyoni. Yalimfariji kuliko sala ya padri. Kama ulimi wa mtu mmoja tu ulimhifadhi Fermín, basi hakuwa ameondoka kabisa.

Kiangazi kilipokolea, Evaristo alikuja na keki na ombi.

"Shemeji, wewe na sepetu wapi na wapi? Niachie mimi shamba. Haki ya Mungu, sing'oi hata mzabibu mmoja. Yule alikuwa ndugu yangu."

Pande zote majirani walikuwa wameng'oa mizabibu ya babu zao na kuchimba mabwawa ya kuogelea. Otilia hakumwamini, wala hakuwa na sababu ya kumkataa. Mgongo wake ulimwambia akubali.

"Njooni Jumapili, kama zamani," alisema. "Leteni chupa zenu. Nitakujibu mezani."

Moyoni alikwisha kata shauri. Evaristo akimtambua Fermín, shamba ni lake. Asipomtambua, basi.

Jumapili walikuja wamependeza, kila mmoja na chupa mbili alizozibeba kama kichanga. Mirta akambusu Otilia mashavuni. "Shoga, mimina wewe, sisi tusiguse. Marehemu ndivyo alivyofanya." Otilia akazichukua chupa zote, akaingia jikoni, akafunga mlango.

Alipotoka, soksi sita za sufu zilisimama mezani, kila moja na namba yake.

"Shemeji, zimefuliwa lakini?" Leandro aliuliza, nao wakaangua kicheko.

"Zimefuliwa. Mwenyewe hazihitaji."

Waliinamisha vichwa kwa muda wa kumeza mate, kisha wakanyoosha glasi.

Evaristo akaizamisha pua. "Ya kwanza ni ya kwangu hii, ya mlimani juu kabisa. Imesimama kama bwana harusi!"

"Wapi! Ya kwako ni ya tatu," alisema Leandro, "inayokwaruza koo kama matrekta yako."

"Nyamazeni, mnaniharibia," Mirta alisema, macho kayafumba. "Ya pili imetoka Ufaransa. Nasikia ngozi, nasikia tumbaku, nasikia msitu baada ya mvua."

"Msitu gani uliouona wewe, Mirta? Umezaliwa jangwani kama sisi!"

"Nimesoma, bwana. Wewe kang'oe meno."

Waliizungusha divai, wakaisukutua kama dawa, wakaitema katika ndoo iliyowekwa chini kwa kazi hiyo. Otilia aliitazama ndoo. Mwanamume alikata matawi kwenye baridi, akamwagilia, akachuma, akakanyaga, akangoja. Na sasa yumo ndooni pamoja na mate ya daktari wa meno. Zamani alidhani watu hawa wanajua kitu, ndiyo maana wana nyodo. Sasa aliona nyodo zilikuwa ndicho kitu chenyewe.

Walifika ya nne. Evaristo akakunja uso.

"Hii nani kaileta? Aibu! Hii ni ya kupikia."

"Si mimi," alisema Leandro haraka.

"Wala mimi," alisema Mirta. "Nyembamba. Haina mwenyewe."

Otilia akawamiminia na ya tano na ya sita, nazo wakazitema. Aliwapa nafasi nyingine, maana bado alitaka kushindwa.

"Katika zote hizi, hakuna inayowakumbusha mtu?"

Evaristo alimtazama kwa huruma, ile ya kumtazama mbwa wa jirani aliyezeeka. "Unamsema Fermín? Shemeji, tuseme ukweli. Divai ya Fermín ingekuwa hapa, ningekwisha liita jina lake zamani. Ulimi huu haukosei."

Otilia akaivua soksi ya kwanza. Akaivua ya pili. Akazivua zote, taratibu, kama anayemvua mtoto aliyelala. Zilibaki chupa sita za kijani zisizo na karatasi, kila moja na mstari wa chokaa aliouchora Fermín kwa kidole.

"Pipa moja," alisema. "La mwisho."

Leandro alijaribu kucheka. "Umetupata, shemeji, umetuweza!" Mirta alisema ni joto, na tena sufu ina harufu, mtu hawezi kuonja hivyo. Evaristo aliiva uso kama nyanya.

"Utani gani huu? Na chupa zetu?"

"Ziko jikoni. Hazikufunguliwa. Zichukueni."

Wakazichukua. Evaristo alizigeuza zake kwenye mwanga, akakagua vizibo.

Otilia alimtazama, akajiuliza kama yeye mwenyewe angeitambua divai ya mumewe, lau mtu mwingine angezivisha chupa zile soksi. Huenda asingeitambua. Lakini yeye hakusimama mbele ya kaburi la mtu akaapa.

Kule mlangoni, chupa kwapani, Evaristo hakuona haya. "Na shamba je?"

"Shamba hulijui, shemeji. Umelitema mara sita sasa hivi, mbele yangu."

"Mizabibu itakufia! Utanitafuta wewe!"

"Huenda," alisema Otilia, akafunga mlango.

Aliimwaga ile ndoo chini ya mzabibu ulio karibu na baraza. Kisha akaketi mahali pa Fermín, akajimiminia ile ya nne, akatia barafu na maji ya gesi, akainywa yote.

Zamu ya maji sasa ni Alhamisi. Otilia huenda alfajiri na sepetu, hufungua lango mwenyewe, na kulifunga mwenyewe. Viatu vya Fermín vinampwaya, kwa hiyo huvivaa na zile soksi.