Kamera Juu ya Kabati

Nilipotoka safari ya miezi mitatu kwa binti yangu, nilikwenda kumwona rafiki yangu mshonaji, tupige soga. Nikamkuta ananong'ona sebuleni kwake mwenyewe.

"Kulikoni?"

Akaelekeza kidevu juu ya kabati. Mwanawe aliye ng'ambo alimtumia kamera, amwangalie kwa simu akiwa kazini.

"Anakuona hata ukijikuna?"

"Hata nikisinzia. Jana alinipigia, eti nikalale kitandani."

Damu ikanichemka. Mimi ndiye mkunga niliyempokea mtoto huyo kwa mikono hii, leo anamchunga mamake kama mbuzi! Nikavuta kitambaa cha meza, nikaifunika kamera.

"Haya, sasa nipe habari."

Hatujacheka hata kidogo, simu ikalia. "Mama, mbona sikuoni?"

"Hata mimi sikuoni, mwanangu," akajibu taratibu. "Mwaka wa sita huu."

Mwanawe akasema tu: "Mama, kamera."

Rafiki yangu akanitazama. Mimi na mdomo wangu wote, nikamsogezea kiti. Akapanda, akakiondoa kitambaa, akarudi kukaa wima kama anayepigwa picha ya pasipoti.