Kopo la Uduvi Darasani

Mama muuza uduvi wa kuchachusha alikuwa amejifunga kibwebwe. Wiki nzima bintiye wa darasa la nne alikuwa akirudisha chakula nyumbani bila kukigusa, kwa sababu wenzake walishika pua na kumwita Bi Mnuko. Kisha akatamka lililomkata mama maini: asije tena kumchukua shuleni, maana naye ananuka. Mama hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa darasa, akaomba nusu ya kipindi cha mwisho cha siku iliyofuata, akapewa. Mtoto aionee haya kazi inayomlisha? Hilo hakuwa tayari kulimeza.

Asubuhi alimkabidhi binti kopo la uduvi uliokwisha kuchacha, alitangulize darasani. Binti alilichukua shingo upande.

Kipindi kilipofika, mama alimimina uduvi mbichi kwenye bakuli, akausugua kwa chumvi mpaka ukatoa maji. Akawaeleza watoto kwamba humo mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vile viharibifu vinavyoozesha haviiwezi chumvi nyingi. Vile vyema huistahimili, huula uduvi polepole, na uchachu wake ndio unaowafanya watu walambe sahani. Vikila hutoa hewa, kwa hiyo kifuniko hakikazwi hata siku moja, huwekwa tu juu. Msichana mmoja wa mbele akauliza kama vijidudu hivyo vinajamba. Mama akajibu kwamba vinajamba sana, na darasa likaangua kicheko.

Mambo yakawa yanamwendea vizuri, hadi alipolifuata kopo dirishani, binti alikokuwa ameliweka asubuhi. Lilikuwa limevimba kama tumbo lililoshiba maharage. Kifuniko kimekazwa kwelikweli, tena kimezungushiwa utepe wa gundi, na kopo limeota jua kutwa nzima. Alipobandua tu utepe, kifuniko kikaruka hadi darini na maji ya chumvi yakatua kwenye shati la mwalimu. Watoto wakashika pua. Nyuma huko mmoja akaita, Bi Mnuko.

Mama alitamani kukusanya vyake aondoke. Akapiga moyo konde, akafungua kinywa aendelee, lakini binti alikwishasimama, uso umemsawijika.

"Nimelikaza mimi," binti alisema. "Nilikuwa naona haya, sikutaka msikie harufu. Mama huwa halikazi." Akawageukia wenzake. "Na mama hanuki. Ile ni harufu ya kazi."

Akaenda mbele, akachovya kidole koponi, akakilamba huku amewakazia macho wote. Kisha yule msichana wa vijidudu akanyoosha mkono, akaonja, akakunja uso, halafu akanyoosha tena. Mwalimu, shati lake likichuruzika, naye akaomba kidogo.

Kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Uani wazazi walikuwa wamejaa, na mama akataka kupita pembeni ili asimtie binti aibu zaidi. Binti alikuwa amekumbatia kopo, kifuniko kimekaa juu tu. Alimfuata mama, akamtafuta mkono.

"Ngoja kwanza niufute," mama alisema, akiupangusa kwenye gauni.

Binti hakungoja. Aliushika vilevile, wakatoka kwa lango kubwa.