Bakuli Lililopasuka Mbele ya Mkwe

Jumapili ile shemeji mtarajiwa alikuja kukaguliwa. Neno lililotumika lilikuwa "kusalimia," ila mama alivaa miwani, na miwani ile huivaa kwa kazi mbili tu: kuchambua maharage na kuchambua watu.

Shemeji ni mtunza maabara wa shule. Kutwa anashinda na bika na mirija ya kioo, akiwazuia wanafunzi wasijilipue. Dada alishamwonya: kwa mama, sauti ya chini, na usithubutu kumsahihisha. Mchumba aliyemtangulia alimsahihisha. Hatujui alipo.

Mama alikuwa ameoka kuku na viazi kwenye bakuli lake la kioo, lile la kuhimili moto, ambalo sisi watoto hata kulitazama tuliomba ruhusa. Akatuita wote jikoni tushuhudie. Akafungua oveni, akalitoa likitokota, akageuka nalo kuelekea kwenye sinki, ambalo alilijaza maji baridi ya kulipozea.

Shemeji akafungua mdomo. Dada akamkazia macho. Shemeji akafunga mdomo.

Mama akaliweka bakuli majini. Paa! Viazi huku, kuku kule, vioo sakafu nzima.

"Nilijua," shemeji akasema, kwa sauti ya chini kama alivyoagizwa.

Dada akafumba macho.

"Ulijua nini, baba?" mama akauliza.

"Kwamba litapasuka, mama. Kioo hicho moto kinauweza. Kinachokishinda ni kutoka kwenye moto na kuingia kwenye baridi ghafla."

"Ukanyamaza."

"Nilikuheshimu, mama."

"Kwa hiyo hata nyumba ikiwaka utaniheshimu tu?"

Nikacheka. Nikatazamwa. Nikaacha.

"Na huko shuleni," mama akaendelea, "mtoto akitaka kufanya hivi, unamheshimu?"

"Hapana, mama. Napiga kelele."

"Basi sikiliza..." Mama akainua mguu amfuate.

"USISOGEE!"

Nadhani hata jirani alisimama. Mama akabaki na mguu mmoja hewani, pekupeku, vioo vimemzunguka. Sijawahi kuona mtu akimwamrisha mama. Baba mwenyewe huwa anaomba.

Shemeji alishapiga magoti, anafagia kuizunguka miguu yake. Mama akamtazama kwa juu ya miwani, kisha akamgeukia dada.

"Huyu aje na wazazi wake."

"Lini, mama?" Dada hakuyaamini masikio yake.

"Muulize yeye. Mimi nimeambiwa nisisogee."