Swali Juu ya Bandeji

Mkufunzi wa chuo cha uuguzi alikuwa ameacha kuhutubu darasani. Wanafunzi walitazama video nyumbani, wakaisimamisha penye shaka na kuandika maoni yao hapo hapo juu ya picha. Darasani walikuja kubishana tu. "Msimeze kila mnachoonyeshwa," aliwaambia.

Video ya wiki hiyo ilimwonyesha dada mkubwa wa mkufunzi, muuguzi mkongwe wa wodi ya majeruhi, akimfunga mgonjwa bandeji ya mkono. Binti mmoja mpole, ambaye sauti yake darasani ni ya kutafutwa kwa tochi, aliandika: "Mgonjwa anasema inauma. Muuguzi anamjibu 'vumilia' bila kumtazama. Je, kama imebana?" Wenzake wakadakia. Wengine walimtetea muuguzi, wengine wakaonyesha vidole vya mgonjwa vilivyoanza kuvimba.

Mkufunzi aliirudisha video nyuma. Siku zote alikuwa akimtazama dada yake. Hakuwahi kumwona mgonjwa.

Habari hazina miguu lakini zinafika. Jioni dada akapiga simu.

"Mdogo wangu, umenianika watoto wanichambue kama karanga?"

"Dada, ni masomo tu."

"Nani alikushika mkono ukaingia kazi hii? Futa maoni yao!"

Akayafuta.

Video iliyofuata ikaja na maoni tele: "Somo zuri." "Asante, mwalimu." Hakuna hata mmoja aliyeuliza kitu. Darasani wakatulia kama maji mtungini. Aliwachokoza, wapi! Mwishowe yule binti akainua mkono.

"Mwalimu, maoni yangu yalikuwa na kosa gani?"

"Hayakuwa na kosa. Yule muuguzi ni dada yangu, nikaogopa. Tafadhali, yaandike tena."

Binti akatikisa kichwa taratibu. "Samahani, mwalimu. Mwezi ujao tunakwenda wodini, na yeye ndiye atakayetusimamia. Wewe utabaki huku."

Mkufunzi akaifungua video ya bandeji mbele yao wote, akaisimamisha pale mgonjwa alipokunja uso, na kuandika swali lile lile kwa jina lake mwenyewe. Akakosea herufi, akarudia.

Jioni alimpigia dada yake ili jambo hilo alisikie kutoka kwake kwanza. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena kesho yake, na keshokutwa. Dada hakupokea.