Birika la Kizingitini

Adhuhuri ile palikuwa na unyayo wa maji kwenye kizingiti cha nyumba ya Pandu, pale Jadida. Ulikuwa wa kushoto, hauna kidole gumba. Time aliutazama mpaka jua likaukausha, kisha akarudi jikoni kuchochea moto, maana muhogo ulikuwa haujaiva.

Pandu, aliyekatwa kidole hicho na shoka, alikuwa amemwacha mkewe baada ya uchaguzi wa Juni. Alimwuliza amekipigia kura chama gani, naye Time akasema kweli: kile cha kaka zake. Akamtamkia talaka moja mbele ya mashahidi, akamwachia nyumba akalie eda, yeye akahamia Mkoani. Kabla eda haijaisha angeweza kumrejea. Time hakumwambia mtu kwamba hilo ndilo analolingoja. Alifagia, alisuka ukili, na kila ilipokaribia adhuhuri mkono wake ulijaza birika la udhu na kuliweka mlangoni, kama alivyomwekea mumewe miaka yote.

Tangu siku ya unyayo ule akawa analikuta tupu. Nyayo zilielekea ndani. Za kutoka hakuziona.

Alidhani Pandu amekufa. Akamwomba jirani yake, Bi Mwanakhamis, amwulizie kwa watu wanaotoka Mkoani. Bibi alirudi na jibu, akaketi kwanza ndipo akalitoa.

"Mzima, tena kanenepa. Kaoa, mwanangu. Safari hii kaulizia kura kabla ya mahari."

Time alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. Ukili ulimwangukia mapajani.

"Basi anayetawadha hapa kwangu ni nani?"

Bi Mwanakhamis aliutazama mlango, akajifunika kanga vizuri.

"Si weye unayemtilia maji? Waniuliza mimi?"

Hata hivyo kesho yake Time alilijaza birika tena, na siku zilizofuata. Kuliacha tupu kulimtisha kuliko zile nyayo.

Eda ilipokwisha, kaka yake Jecha alikuja na gari la ng'ombe kumrudisha kwao Gando. Walipakia mikeka, masufuria na kitanda chake. Jua lilikuwa utosini. Time aligeuka kuaga nyumba, akajiona ameshika birika, limejaa. Hakukumbuka kulijaza.

Aliketi kizingitini akatawadha yeye, bila haraka, mpaka tone la mwisho.

Ndani, mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi, cha mwanamume aliyecheleweshewa maji yake.

Jecha aliacha kufunga kamba. "Nani yumo?"

"Mwenye nyumba," Time alisema. Akauvuta mlango, akalifudikiza birika mbele yake, akatangulia njiani. Miguu yake ilikuwa bado mibichi. Vumbini iliacha alama, vidole vyote vitano, zikielekea Gando.