Sauti ya Mosiana Ilibaki Darini

Siku ya kumzika Sefo, Losaline alikuwa kwenye jiko la nyuma akimenya viazi vikuu, amejifunga mkeka mchakavu kuanzia kwapani hadi chini ya magoti, kama inavyompasa mke wa mdogo wa marehemu. Mtu akiwa chini ya marehemu kwa cheo, mkeka wake huwa mpana na mbovu, na wa Losaline ulikuwa umetafunwa na panya upande mmoja. Mvua ya asubuhi ilikuwa imelowesha kuni. Moshi ulimtoa machozi, na hilo lilimfaa, maana watu walikuwa wakipita kuangalia nani analia na nani halii.

Ndani ya nyumba, upande wa kichwa cha maiti, alikaa wifi yake Ungatea, aliyefika kisiwani kutoka Auckland, ng'ambo ya bahari, kwa ndege ya jana yake. Yeye hakujifunga mkeka mbovu. Ndiye dada mkubwa wa marehemu na wa Fatai, mume wa Losaline, na dada hukaa juu ya kaka zake, wawe hai au wawe wamekufa. Kila kilicholetwa msibani kilipita mbele yake kwanza, na alichokigusa kilikuwa chake. Aligusa mikeka laini, ile inayokunjika kama kitambaa. Aligusa nguo ya gome iliyotandazwa kutoka mlangoni hadi barabarani. Aligusa nguruwe mkubwa. Kisha Mosiana, binti wa Losaline wa miaka sita, akapita na glasi ya maji, huku akimweleza kila aliyemkuta njiani kwamba maji yale si ya kwake yeye, ni ya mchungaji. Ungatea akamshika bega.

"Na huyu," alisema.

Mzee aliyekuwa akitangaza mgawo akamtangaza na huyo, akaendelea na magimbi.

Habari ilifika jikoni pamoja na sufuria tupu.

"Wifi yako kamchukua Mosiana," alisema mwanamke aliyeleta sufuria. "Na nguruwe mkubwa."

"Yule mwenye baka?" aliuliza mwingine.

"Huyo huyo."

"Lo! Yule alikuwa na mafuta."

Losaline aliendelea kumenya. Jioni alimwuliza mumewe kama ni kweli. Fatai alisema, "Ni dada yangu," akavua shati la msiba, akalitundika.

Mosiana alikuwa mtoto wa maneno. Alihesabu kuku kwa sauti, aliwagombeza nguruwe mmoja mmoja kwa jina, na wiki ile alikuwa amepoteza jino la mbele, kwa hiyo maneno yake mengi yalitoka na filimbi ndogo ndani yake. Nguo zake zilifungwa asubuhi ileile ya kuondoka. Ndege ndogo ya kisiwani haimsubiri mtu, na Ungatea alishapanda. Losaline alimbusu mtoto shavuni, akarudi nyumbani kwa miguu.

Kesho yake alikuwa akifagia ua aliposikia, "Mama, nguruwe wameingia kwenye mihogo."

Akazunguka nyuma. Kweli, walikuwa kwenye mihogo. Akawafukuza. Aliporudi sauti ilikuwa juu darini, kwenye kenchi, ikihesabu misumari ya bati na kukosea palepale ilipozoea kukosea.

"Mosiana amesahau sauti yake," alimwambia Fatai aliporudi shambani.

Fatai aliinua kichwa, akasikiliza kidogo. "Nilisema mzigo ufungwe mapema," alisema. "Mnafunga mizigo watu wakiwa mlangoni, lazima kitu kisahauliwe." Akaomba chai.

Ungatea alipiga simu Jumapili, baada ya ibada.

"Wifi, huyu mtoto haongei. Nimempeleka kwa daktari, kamchungulia koo kwa taa, anasema koo zima kabisa. Hebu tazameni huko."

"Ipo, wifi," alisema Losaline. "Ipo darini."

"Sasa si mngesema! Mtu anahangaika na madaktari huku. Itumeni. Binamu Fonua anakuja mwezi huu, mpeni."

Basi wakaandaa kuituma. Mchungaji aliombea kisanduku cha mbao. Bibi Vaimoana, mkuu wa banda la wasukaji, alikipaka mafuta ya nazi yenye maua ili sauti ikubali kuingia. Losaline alisimama chini ya kenchi, akaita, na sauti ikaja ikaingia kisandukuni bila ubishi, kwa kuwa alikuwa mtoto msikivu. Ilikaa humo ikiuliza kama kule kuna kuku. Fatai akafunga kifuniko, akazungusha kamba. Walipomaliza fundo la mwisho ilikuwa imesharudi darini.

Walijaribu kwa chupa, wakajaribu kwa bati la biskuti. Binamu Fonua akaondoka na magimbi tu.

"Wewe humwamuru vizuri," Fatai alimwambia mkewe.

"Ninamwamuru."

"Unamwita kama unamwita kula."

Losaline alirudisha biskuti kwenye bati lake. Tangu ile simu ya Jumapili alikuwa na wazo moja, na wazo hilo alilishika kama mtu anavyoshika yai kiganjani njia nzima ya kwenda nyumbani. Mtoto asiye na sauti ni mtoto mwenye kasoro. Wifi yake ni mtu wa kuchagua; akikuta mkeka una tundu huurudisha mbele za watu. Atamrudisha.

Alilisema siku moja tu, bandani, wakiparuza majani ya mkadi ya kusukia.

"Atamrudisha, bibi. Mtu ataishije na mtoto bubu?"

"Mimi ningeishi na mume bubu vizuri sana," alisema mwanamke wa pembeni.

"Mpelekee wifi sauti yangu basi," alisema mwingine. "Mume wangu atakulipia nauli."

Wakacheka. Bibi Vaimoana hakucheka. "Suka, mwanangu," alisema.

Sauti ilibaki ya miaka sita. Asubuhi ilitangaza nguruwe, jioni ilisali sala ya chakula kabla ya wote, na mvua ilipopiga bati ilipandisha kelele ili isikike. Jirani aliyepoteza kuku alikuja kuiuliza. Fatai aliizoea, ila ilipoimba wakati wa taarifa ya habari aliitaka ihamie jikoni, nayo ilihamia. Losaline alilala vizuri. Alimwekea binti yake mkeka mpya kando ya wake, tayari.

Mwaka wa pili Ungatea alikuja kwa mkutano mkuu wa kanisa, akaja na Mosiana. Mtoto alikuwa amerefuka hadi kwenye kifua cha mama yake. Alivaa viatu vinavyowaka taa nyuma kila alipokanyaga. Jino la mbele lilikuwa limeota, pana na jeupe. Alimsalimia mama yake kwa kichwa.

Watu wa nyumbani waliketi. Bibi Vaimoana aliitwa kama shahidi. Losaline akaita, sauti ikashuka kutoka kwenye kenchi, na Mosiana, kama alivyoelekezwa, akafungua kinywa.

Haikumtosha. Midomo ya mtoto ilianza maneno ya Auckland, ambayo sauti haikuwahi kuyasikia, na sauti ikasema kwa filimbi yake, "Mama, jino langu limetoka," wakati jino lile pale watu wote wanaliona. Walijaribu tena. Sauti iliishia katikati ya kila neno, kama gauni la mwaka juzi linavyoishia mapajani. Mosiana akakohoa, akafumba kinywa. Sauti ikapanda ilikotoka.

"Inambana," alisema bibi Vaimoana.

Hapo Losaline alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliinua macho akamtazama wifi yake usoni.

"Basi mwache hapa, wifi," alisema. "Wakae pamoja, sauti itakua naye. Wewe mtoto mwenye kasoro wa kazi gani?"

Fatai alitazama miguu yake. Ungatea alishangaa kweli, bila ubaya wowote.

"Kasoro gani? Wifi, hujui watoto wa kule. Wanabisha, wanapiga kelele toka asubuhi, hata mama zao hawawawezi. Huyu hanisumbui. Mwalimu wake anamsifu kila muhula. Kanisani watu wananiuliza nimemlea vipi akatulia hivi." Alimpapasa mtoto nywele. "Mimi naiomba sauti kwa sababu ni haki yangu tu. Ikikaa huku, ikae."

Losaline akashusha macho.

Siku zilizobaki Mosiana alikaa kwenye nguzo ya kati, sikio kwenye mti, akisikiliza sauti ikihesabu misumari. Ilipokosea alitabasamu, kama dada mkubwa anavyomtabasamia mtoto wa jirani. Mama yake alimpa papai. Alikula, akanawa mikono mwenyewe.

Siku ya kuondoka, gari likiwa limeshawashwa, Ungatea alirudi mlangoni. Gauni la Losaline lilikuwa limeanza kuinuka mbele. Ungatea aliweka kiganja hapo.

"Na huyu," alisema. "Yule peke yake hana wa kucheza naye. Ila safari hii, wifi, mfungashe akiwa kamili na vyake vyote. Na usimzungumzishe akiwa tumboni. Ndipo sauti zinapozoea nyumba."

"Sawa, wifi," alisema Losaline.

Miezi ile hakusema na tumbo lake. Alisuka, alifua, alikwenda kanisani akafungua kitabu cha nyimbo bila kuimba, na wanawake wa bandani wakamsifu kwa uangalifu wake. Lakini hakuna aliyekuwa ameikataza sauti ya Mosiana. Losaline alipojinyoosha mchana kupumzika, ilishuka ikakaa karibu na kitovu chake, ikaanza kumwambia mtoto majina ya nguruwe, na mahali mapapai yanapoiva kwanza, na kuku gani anadonoa. Mtoto alicheza ndani akisikia. Losaline alilala kimya, mikono pembeni, asikose hata neno.

Fatai aliingia akitoka shambani, akasimama, akasikiliza. Kisha akachukua ufagio wa njiti, akaupunga juu ya mkewe kama anafukuza nzi.

"Nenda juu," aliiambia sauti. "Usimzoee mtoto wa watu."

Ikaenda.